Barua ya Kutoka Kasai

Juzi, hapa posta ya Elisabethville, mama mmoja wa mtaa wa Katuba alikuja kuulizia barua kutoka kwa mume wake, aliyepanda treni ya wakimbizi kwenda Kasai tangu mvua za kwanza. Karani akatikisa kichwa.

“Hakuna, mama. Lakini Mungu iko.”

“Najua Mungu iko. Miye niko nauliza barua.”

Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulicheka kidogo. Mama akaketi kwenye benchi akaanza sala ya Baba Yetu kwa sauti. Alipofika “mapenzi yako” akakwama. Nikammalizia: “Yatimizwe.”

“Ile neno sema tu weye, baba,” akaniambia. “Miye leo inanishinda.”

Mimi neno hilo nalisema tangu utoto bila kukwama. Pengine ni kwa sababu watu wangu wote wako nyumbani.