Mama Panga na Majivu ya Magunzi

Majivu ya magunzi yana harufu yake, tofauti na ya kuni. Ni kali kidogo puani, kama chumvi iliyoungua, na yakilowa maji huteleza vidoleni kama sabuni. Nikiinusa harufu hiyo popote nilipo, narudi Kitale, kwenye shamba la Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, Desemba moja ya miaka ya elfu mbili nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani juu ya maturubali, mashine ya kupukuchua ikinguruma kwa jirani, makapi yakipaa na kutua nyweleni mwetu, na magunzi yakiwaka jikoni tangu alfajiri. Majivu yake hayakutupwa. Mengine yalichujwa tukapata maji ya kulainishia mboga za kienyeji, na mengine yakawekwa kwenye kopo kando ya mlango kwa kusugulia sufuria. Kwetu sufuria haiitwi safi mpaka uione sura yako kwenye kitako chake. Mgeni akiingia jikoni hutazama kwanza sufuria zilizotundikwa ukutani, na kwa weupe wake hujua binti wa nyumba ile amelelewa vipi. Mimi nilisifika kwa sufuria. Sifa nyingine niliyokuwa nayo ni kuuliza maswali, na hiyo hakuna aliyeihesabu kuwa sifa.

Nilitoka Myanga, upande wa Bungoma, kila shule zilipofungwa, nikaenda kukaa na Kukhu na binamu yangu Nekesa. Mama yake Nekesa, ambaye ni dada ya baba na mimi nilimwita Senge, alikuwa muuguzi ng'ambo tangu Nekesa akiwa na miaka minane. Mimi na Nekesa tulizaliwa mwaka mmoja. Mimi nilitangulia, katika miezi ile ambayo ghala huwa tupu na mahindi mapya bado ni majani, ndiyo maana nikaitwa Nanjala. Yeye alisubiri mavuno, akaitwa Nekesa. Mtu akituita wote wawili kwa mpigo ilikuwa kama anaita njaa na dawa yake. Nilishamuuliza mama kwa nini hakungoja miezi michache, akanijibu kwamba maswali mengine ni ya kumuuliza Mungu, na niende nikachote maji.

Wiki ya kwanza ya likizo ile, mama mmoja wa kanisani aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo alileta kifurushi cha Nekesa. Ndani mlikuwa na soksi, sweta, na kisanduku cha buluu. Kwenye kisanduku kulikuwa na sarafu ya fedha halisi, kubwa kuliko sarafu yoyote niliyowahi kuishika, imefungiwa ndani ya kikasha cha mviringo cha plastiki angavu. Uwanda wake ulikuwa laini na mweusi kama maji ya kisimani ukichungulia kutoka juu, na juu ya uwanda huo aliinuka mwanamke mweupe wa fedha, nywele zimepeperushwa, mguu mmoja juu ya ukingo wa meli, mkononi ameshika upanga. Macho yake yalikuwa madogo kama mbegu za wimbi, lakini yalikutazama. Barua ya Senge ilikuwa fupi. Alisema hiyo si pesa ya kutumia, ni ya kuweka. Alisema Nekesa asiitoe kwenye kikasha wala asiiguse kwa vidole. Mstari wa mwisho nauweza hata leo: "Nitunzie, nikija nitaiangalia." Krismasi ilikuwa wiki tatu mbele, na Nekesa akaamua kwamba safari hii mama yake anakuja.

Mle kisandukuni mlikuwa na karatasi ya Kiingereza, na kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa bora, nikapewa mimi niisome mbele ya watu. Nilisoma jinsi mwanamke yule alivyokuwa haramia wa baharini karne nyingi zilizopita, akivaa suruali na kupigana bega kwa bega na wanaume, na jinsi meli yao ilipovamiwa wanaume walijificha chini wakiwa walevi, akabaki juu akipigana. Nikatafsiri mstari kwa mstari, nikiharakisha nimalize, kwa sababu kila neno zuri nililolipata lilikuwa linaipamba mali ya mwenzangu. Nikauliza nani alikuwepo akayaona hayo ikiwa wote walikuwa wamelewa. Kukhu yeye alikuwa na swali la maana zaidi.

"Ati mwizi anawekwa kwa pesa?" alisema. "Sasa yule aliiba kuku za mchungaji akiona hii, si ataomba ya kwake?"

Watu wakacheka, wakambatiza yule mwanamke Mama Panga, na kuanzia hapo uwanja wetu haukukosa wageni. Walitoka kanisani wakapitia kwetu. Walikuja wanaopima mahindi, wakaja wa kuazima ungo. Nekesa alikaa kwenye kigoda, sarafu mapajani, akiigeuza ili jua liikamate. "Angalia na macho, vidole acha huko," alimwambia kila mtu, hata mzee wa kanisa. Alinifanyia na mimi vivyo hivyo. Katika mchezo tuliouzua juu ya lundo la magunzi, turubali likiwa tanga, yeye alikuwa Mama Panga kila siku na mimi nikawa walevi walio chini. Nilipodai zamu yangu aliniambia, bila ubaya wowote, "Na yako iko wapi?" Nilirudi jikoni nikasugua sufuria ambayo nilikuwa nimeshaisugua asubuhi. Nilifikiria mama yangu kule Myanga, na jinsi ambavyo hangeweza kunitumia kifurushi hata siku moja, kwa sababu hakuwa mbali. Nilimchukia kidogo kwa kuwa karibu. Hilo nalisema sasa kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi kabla ya Krismasi, Kukhu na Nekesa walikwenda mjini Kitale kungoja simu. Senge alikuwa ametuma neno kwamba angepiga asubuhi hiyo kwenye simu ya mwenye duka la dawa, aseme anafika siku gani. Nekesa alivaa sweta mpya ingawa jua lilikuwa kali. Mimi niliachiwa sufuria zote za wageni. Hawajafika barabarani nilikuwa nimeshafungua kisanduku. Nilitaka kuishika tu. Nilibanua kikasha kwa kucha, ikaniangukia kiganjani, baridi na nzito, na nilipoigeuza alama ya kidole changu ilikuwa imebaki kwenye ule weusi, wazi kama muhuri. Nikaifuta kwa gauni, ikasambaa. Nikaitemea mate nikafuta tena, ikawa ukungu. Basi nikafanya kitu pekee nilichokijua duniani kuhusu kung'arisha kitu cha chuma. Nilichukua kipande cha gunia, nikakilowesha, nikachovya kwenye majivu.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosea au nilikusudia, na jibu ninalo. Mara ya kwanza nilikosea. Nilipoisuuza niliona ule weusi wa kisima umegeuka kijivu, umejaa mikwaruzo myembamba, na nikajua kwamba nimeharibu. Ningeweza kuishia hapo. Nikaongeza mchanga. Nilisugua uso wake kwa kidole gumba mpaka mkono ukauma, na nilipomaliza nywele zilikuwa bado zipo, upanga upo, lakini macho hayakuwepo. Sarafu nzima iling'aa nyeupe sawasawa kama kifuniko cha sufuria. Nikairudisha kwenye kikasha nikaendelea na kazi.

Walirudi alasiri. Kukhu alipoiona aliniita mbele ya jirani akanisifu. "Sasa imekuwa safi. Ile weusi ilikuwa inanisumbua. Huyu mtoto ana mkono." Jirani akaitikia kwamba kwa kweli nimemwosha Mama Panga. Nekesa aliichukua akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na jicho. Nilingoja alie, nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi.

"Mama amesema haji," alisema. "Ana kazi." Kukhu akaanza kufungua kilemba chake akitazama upande wa ghala. Kisha Nekesa akatoa sarafu kwenye kikasha, kwa vidole vyake mwenyewe, akanipa. "Si ulikuwa unaitaka? Shika basi."

Niliibeba mpaka Myanga ndani ya soksi. Nilikuwa nimeipata, na sikuweza kumwonyesha mtu. Niliificha kwenye kopo la misumari ya baba, na mchana kutwa nilipiga hesabu ambayo haikuwa na mwisho: Senge alipiga simu saa ngapi, nami nilianza kusugua saa ngapi? Ikiwa alikataa kuja kabla sijaigusa, basi sikuwa na hatia. Ikiwa alikataa baadaye, huenda aliona kule aliko kwamba kitu chake hakikutunzwa. Mtoto anayeuliza ni nani aliyewaona maharamia hakupaswa kuamini jambo kama hilo, lakini niliamini. Miaka miwili baadaye Senge alikuja kweli. Alimchukua Nekesa, na kabla hawajaondoka aliulizia sarafu. Nekesa akamwambia ilipotelea kwenye mahindi. Alikemewa kwa uzembe nikiwa nimesimama palepale, nikala na chapati zao.

Chuo kikuu nilisoma historia, nikajifunza kwamba nusu ya yaliyoandikwa kwenye karatasi ile hayana ushahidi. Nikajua pia kwamba wanaokusanya sarafu hawazisafishi kamwe, na kwamba ile alama ya kidole ingekuwa kosa dogo tu. Nimewabishia wahadhiri, wachungaji na wanasiasa wa kwetu. Swali la saa ya simu ndilo ambalo sikuwahi kuliuliza.

Mwaka juzi Kukhu alifariki, na Nekesa akaja kwa mazishi. Siku ya kuandaa tulikaa wawili nyuma ya jikoni na sufuria kubwa za kuazima. Binti za majirani siku hizi husugua kwa waya wa dukani na sabuni ya unga, na shamba la Kukhu limegawanywa, nusu yake ni miwa, lakini kopo la majivu lilikuwa bado kando ya mlango. Nilitoa sarafu mfukoni nikamwekea kwenye kiganja kilichojaa majivu. Aliigeuza.

"Ulitumia majivu peke yake?"

"Na mchanga."

"Nilijua. Majivu peke yake haiwezi toa mtu macho."

Ndipo nikamuuliza. Ile Jumamosi, simu ililia saa ngapi? Aliendelea kusugua kwanza, akamaliza upande mzima wa sufuria.

"Haikulia," alisema. "Tulikaa pale mpaka mwenye duka akafunga aende kula. Ile ya kazi nilitunga njiani. Nilimwambia Kukhu anyamaze, kwa sababu wewe ungeanza maswali yako."

Miaka yote ile nilikuwa namwonea wivu msichana ambaye mama yake alipiga simu. Nekesa aliitia sarafu kwenye mfuko wa gauni pamoja na funguo na chenji, bila hata kuifuta, na nilipoisikia ikigongana na vitu vyake nilitaka nimwambie airudishe, ni yangu, nimeitunza mimi. Akainua sufuria yake juani kuikagua. Ilikuwa nyeupe kuliko yangu. Nikachota majivu mengine.