Ndege Aliowasoma Felisiani

Shemeji yangu Felisiani ndiye aliyekuwa akitusomea ndege. Huku kwetu kwenye bonde la Malagarasi, chini kabisa ya Kasulu, hakuna mtumbwi uliotoka asubuhi kabla hajasimama ukingoni na kutazama. Mwari, wale ndege wakubwa weupe, wakivua hupanga mstari, huzamisha vichwa kwa pamoja, wakiinuka mifuko ya midomo yao inachuruzika maji. Hapo pana samaki. Yangeyange nao ni weupe, ila hawaogelei. Ukiwaona katikati ya maji, ujue wamepanda mgongo wa kiboko. Felisiani aliwatofautisha kwa mbali, na kila mtumbwi ulimletea kambale mmoja. Aliringa, na alikuwa na haki ya kuringa.

Mwaka 2013 macho yake yakaanza kufifia. Hakumwambia mtu. Tuliona anakawia kujibu, tukadhani ni maringo yale yale. Mara nyingi alibahatisha akapatia, maana mwari walikuwa wengi.

Asubuhi moja ya mwaka uliofuata, mume wangu Obedi, mdogo wake wa tumbo moja, alitangulia kusukuma mtumbwi. Ng'ambo ya mafunjo sisi wengine tuliona weupe tu.

"Kaka, ni mwari wale?"

Felisiani aligeuza uso kuelekea mafunjo. "Ego," akasema. "Ni mwari. Nenda."

Njia hupita ndani ya mafunjo. Ukitokeza upande wa pili, umeshawafikia. Obedi akatokeza. Weupe ukaruka, mtumbwi ukapinduka, tukasikia kelele moja. Jioni tulimpata kwenye matete.

Msibani watu walisema siku yake ilifika. Nilikasirika mno. Mwari ni mzito, hukimbia juu ya maji kwanza ndipo anyanyuke. Wale waliruka papo hapo, kama yangeyange. Niliwaona kwa macho yangu.

Baada ya kuanua matanga, Felisiani alikuja kwangu akipapasa ukuta.

"Josepha, siwaoni. Tangu mwaka jana siwaoni."

Matusi nilikuwa nimeyaandaa tangu makaburini. Yakaniishia mdomoni.

"Ungesema tu, shemeji. Obedi angesimama pembeni yako akuonee, akunong'oneze, na kambale ukala wewe."

Alilia. Nilimshika mkono nikamtoa hadi njiani, maana hata mlango hakuuona. Sijamsamehe.