Nilichuchumaa, nikageuka mkosaji

Wenzangu, leo nimesamehewa kosa ambalo sikufanya.

Hapa shuleni kwetu Walikale, mtu alifuta mtihani ambao mwalimu mwenzangu, Papa Bahati, aliandika ubaoni. Papa Bahati akakataa kufundisha mpaka aliyefuta aombe msamaha. Siku tatu watoto wa darasa lake wanazunguka tu kiwanjani.

Leo kwenye mkutano wa walimu nikakumbuka yale mafunzo tuliyopewa sisi walimu, ya kumuweka mtoto katikati: usitafute mkosaji, shuka mpaka macho yenu yalingane, muulize anasikia nini moyoni.

Papa Bahati alikuwa amekaa. Mimi na mutoto wangu mgongoni, nikachuchumaa mbele yake.

"Papa, unasikia nini moyoni?"

Akaruka. "Kumbe ni wewe njo ulifuta!"

"Hapana, Papa..."

"Mama, umeisha kushuka chini, unakataa nini tena?"

Jamani! Nilisahau kwamba kwetu mwanamke akishuka hivyo mbele ya mukubwa, anaomba msamaha. Walimu wote wakapiga makofi. Papa Bahati akasema, "Imeisha, nimekusamehe," akabeba chaki, akaenda darasani.

Directeur, mkuu wa shule, naye akanipa demande d'explication: nieleze kwa maandishi kwa nini nilifuta. Kesho asubuhi.

Nikikana, Papa Bahati atarudi kwake na watoto watarudi kiwanjani. Nikikubali, kazi inaweza kuniponyoka, na hii kazi njo inalisha watoto wangu.

Uongo siandiki. Nimeandika: "Sikufuta."

Lakini ninawasikia watoto wa Papa Bahati kule darasani wanasoma kwa sauti, wote pamoja, na miguu inakataa kupeleka hii karatasi.

Mungekuwa mimi, mungeipeleka?