Jedwali Nililolijaza Majina ya Watu

Mwanangu, niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za masomo ya jioni, kwamba dagaa walioanikwa huogopa honi ya meli. Usicheke. Pale ufukweni kwetu Kibirizi watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakisema hivyo: meli ikiingia bandarini Kigoma na kupiga honi, dagaa walioko mchangani hushtuka, wakalegea, na maji yakawatoka kama jasho. Ukiwafunga kwenye gunia hali hiyo, wiki haiishi wameota ukungu. Nami nikaongeza langu, maana sijawahi kupokea habari nikaiacha na urefu wake. Nikawa nawaeleza watu kwamba dagaa wa upande wa kusini hulegea zaidi kwa sababu wao ndio wanaoipokea honi kwanza.

Ulinikumbusha hayo jana, ulipokuja na simu yako kunionyesha jedwali la kikundi chenu cha Katonga, vyumba vingine vyekundu, vingine vya kijani. Ukaniambia, "Mzee, hili ndilo litatuonyesha tuanze kurekebisha nini." Ni kazi nzuri. Lilipendeza hata nikatamani kulishonea kanzu. Lakini macho yangu yalipanda juu, kwenye vichwa vya safu, nikaona mmeandika majina ya watu. Nikakurudishia simu. Ukadhani sikuelewa. Nilielewa sana. Nilikuwa tu nimerudi Kibirizi, nina miaka ishirini na minne, nina kalamu nne mfukoni, na mbili kati ya hizo hazina wino.

Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake kumi na mmoja waliokuwa wakianika dagaa, kila mmoja na kiwanja chake mchangani, na mimi katibu wao. Nilipewa ukatibu kwa sababu nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, katika darasa la watoto wadogo, tukiketi kwenye madawati mafupi hata magoti yakawa yananigusa masikio. Huko mwalimu wetu alitufundisha jedwali aliloliita matriki. Ubavuni, kushuka chini, unaandika malalamiko ya wateja. Juu, kwenda kulia, unaandika kazi zenu, moja baada ya nyingine. Pale lalamiko na kazi zinapokutana unajiuliza: hii inahusika na lile kwa kiasi gani? Ikihusika sana, chora duara ndani ya duara. Ikihusika kiasi, duara tupu. Kidogo, pembetatu. Haihusiki, acha wazi. "Hamwezi kutengeneza yote kwa siku moja," alisema, "basi alama ziwaonyeshe pa kuanzia." Mimi yale maduara niliyashika barabara. Neno "kazi" ndilo lililoniponyoka.

Msimu ule magunia yetu yalianza kurudishwa. Mnunuzi wetu mpya wa Tabora, asiyevumilia kama yule wa zamani, alikuwa na malalamiko matatu: mchanga, dagaa waliovunjika, na kubwa kuliko yote, dagaa wenye unyevu walioota ukungu. Akatuma neno kwamba ukungu ukitokea tena, atatafuta watu wengine. Na ikawa bahati mbaya kwamba malalamiko yalianza muda mfupi baada ya kumpokea Mama Spesi kikundini.

Mama Spesi alikuwa mzaliwa wa Burundi, ameishi kwetu miaka mingi, mjane mwenye watoto wanne. Mumewe alipanda meli kwenda kusini kutafuta kazi, na kilichorudi ni habari ya msiba. Tangu hapo yeye hakanyagi gatini. Siku ya meli, sisi wengine tulikuwa tukikimbilia mjini kama tumeitwa na serikali: huyu anapokea shangazi, yule anauza samaki wa kukaanga, na mimi naenda kutazama tu, maana tangu nijue kutembea sikuwahi kuikosa. Uwanjani alikuwa akibaki Mama Spesi peke yake. Na dagaa waliokuwa wakioza ni wale wa siku ya meli. Na walio na unyevu kuliko wote walikuwa wa kiwanja chake. Watu wakaunganisha wenyewe. Wakasema honi ikimkuta mtu mwenye huzuni mahali peke yake, dagaa ndio wanamalizika kabisa.

Basi nikapasua mfuko wa saruji, nikachora jedwali upande wake safi. Lilikuwa kubwa hata kuku akitaka kulivuka ingembidi abebe chakula cha njiani. Ubavuni nikaandika mchanga, kuvunjika, unyevu. Juu nikaandika majina kumi na moja. Kisha nikajaza alama nikiwa nimekaa kitandani kwangu, kutokana na niliyokuwa nimeyasikia. Maduara mawili mawili yakamwangukia Mama Spesi kama mvua ya mawe.

Jumapili alasiri nikalisoma mbele ya kikundi, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Hakuna aliyebisha, limeandikwa, nani atabisha? Wakaamua kwamba Jumapili inayofuata Mama Spesi aachie kiwanja chake. Na kiwanja kile, mwanangu, ndicho kilichokuwa chungu cha watoto wale wanne. Yeye alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Ego," yaani ndiyo kwa lugha ya kwao, "nimesikia." Akaondoka.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bibi Tausi wa Ujiji, mama mtu mzima asiyejua kusoma hata jina lake. Alinisubiri watu watawanyike, akaliweka lile karatasi magotini.

"Katibu, hii safu iliyojaa ni ya nani?"

"Ya Mama Spesi, Bibi."

"Na hii nyeupe?"

"Ni yako, Bibi."

"Mbona yangu nyeupe?"

"Kwa sababu... wewe ndiye mwenyekiti."

"Kumbe uenyekiti unakausha dagaa! Mbona hamkuniambia mapema nikapumzika?" Hakucheka. "Haya, nieleze. Siku ya meli ulisimama pale uwanjani ukayaona haya uliyochora?"

"Nimesikia watu wanasema, Bibi."

"Sikukuuliza masikio yako. Nimekuuliza ulisimama pale?"

Nikamwambia sikusimama. Akalikunja karatasi taratibu, akanirudishia kama mtu anayemrudishia mtoto nguo aliyoichafua. "Futa watu. Andika kazi tunazofanya, tangu dagaa wanashuka mtumbwini mpaka gunia linashonwa. Halafu ukae uwanjani wiki nzima. Usichore alama ambayo hukuiona kwa macho yako. Jumapili ukija na jina la mtu hata moja, nitakuanika wewe."

Nikakaa. Jua la Kibirizi lilinichoma hata kivuli changu kikaungua. Nikaandika kazi: kuosha, kuanika, kugeuza, kuanua, kufunga. Mwishoni nikaongeza safu ya magunia, maana kikundi kilikuwa kimekwisha amua kwamba tuanze marekebisho kwa kununua magunia mapya yenye maandishi ya rangi. Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri, dagaa waligeuzwa mara tatu nne kutwa, jioni wakawa wakavu wa kuvunjika kwa sauti.

Siku ya tatu ilikuwa ya meli. Tangu saa tano wanawake walianza kunawa mikono na kubadili khanga. Ilipofika saa sita uwanja ulikuwa umebaki na watu wawili, mimi na Mama Spesi. Nikaona aibu kumwangalia.

"Shikamoo, Mama Spesi."

"Marahaba, Katibu. Leo meli itaingiaje bila wewe?"

Akachukua reki yake. Nilidhani ataanza na kiwanja chake. Hapana. Alianza na cha jirani mwenye mtoto mchanga, akaenda cha Bibi Tausi ambaye mgongo ulikuwa ukimsumbua, kisha cha yule, kisha cha yule. Viwanja kumi na kimoja, reki moja, jua halimsubiri. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyekuwa akijua. Cha kwake kilikuwa cha mwisho, na mara nyingi hakukifikia.

Ndipo honi ikalia. Mwanangu, nililala kifudifudi mchangani, nikatega sikio juu ya dagaa, nisikie wakishtuka. Milima ya Kongo huko ng'ambo ilitetemeka, lakini dagaa hata mmoja hakutikisika mkia. Mama Spesi akasimama, akaegemea reki, akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia nasikiliza dagaa. Alinijibu maneno ambayo nitakueleza mwishoni, kwa sababu siku ile sikuyaelewa vizuri. Nilisimama, nikajipangusa mchanga, nikatafuta reki ya pili.

Wawili tulifika kiwanja cha nane. Jua likainama. Wenzetu wakarudi na vifurushi na habari za shangazi, wakaanua haraka haraka kabla ya umande, wakafunga. Nikapitisha kiganja chini ya wale wa viwanja vitatu vya mwisho. Walikuwa baridi, bado wana maji. Nikachora duara ndani ya duara: kugeuza, unyevu. Na wale waliochelewa kugeuzwa walikuwa wameshikamana, wakibanduliwa wanakatika. Duara tupu: kugeuza, kuvunjika. Kuanua kwa haraka kulizoa mchanga, nako kukapata duara lake. Ile safu ya magunia mapya ilipata pembetatu moja, tena niliionea huruma.

Jumapili nikasimama tena. Safari hii sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imenikauka. Nikawaambia kinachotuharibia ni siku ya meli kukosa watu wa kugeuza, na kwamba tunayetaka kumfukuza ndiye peke yake aliyekuwa akitufanyia kazi. Nikawaeleza viwanja alivyoanza navyo na alichomalizia. Yule mwenye mtoto mchanga akajifunika uso kwa khanga. Bibi Tausi akageuka.

"Mama Spesi, mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mmekwisha jibiwa na karatasi," akasema, bila ukali. "Mimi mngeniuliza, ningesema."

Tukapanga zamu: siku ya meli wanakwenda watano, wanabaki sita, na katibu anabaki daima. Magunia mapya yakasubiri. Ukungu haukurudi, wala Mama Spesi hakuondolewa. Kiwanja kile leo anaanika binti yake. Nami nilikwenda kwake kuomba msamaha nikiwa nimejiandalia hotuba yenye vifungu saba. Alinikatisha kwenye cha kwanza, akanisogezea ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, akasema, "Kula, mwana wanje," yaani mwanangu, "umekonda kwa kugeuza."

Basi mwanangu, jedwali lako usilitupe. Lifute kichwa tu. Pale juu weka kazi, usiweke watu, maana kazi ukiichora duara mtairekebisha pamoja, lakini mtu ukimchora duara anakwenda nalo nyumbani kwa watoto wake. Alama usiichore kwa kusikia. Nenda ukasimame mahali penyewe, hasa siku ile ambayo kila mtu ana sababu ya kutokuwepo. Na ukishahesabu alama, anza na safu iliyojaa, hata kama ile tupu ndiyo inayopendeza machoni. Na yule anayesemwa sana, mkaribishe kwanza, mpe kiti, muulize.

Mungu akupe macho yanayokaa mpaka mwisho wa kazi, akupe na mtu wa kukurudishia karatasi yako kwa upole kama nilivyorudishiwa mimi. Dagaa wenu wakauke, na kikundi chenu kisimpoteze hata mmoja.

Nilikuahidi maneno ya Mama Spesi. Nimelala pale mchangani, sikio limejaa magamba, honi bado inavuma, naye ameegemea reki akitazama upande wa bandarini ambako haendi.

"Dagaa hawa wamekufa, Katibu," aliniambia. "Aliyekufa hasikii honi. Mnaoisikia ni ninyi, mkakimbia, na wao wakabaki bila mtu wa kuwageuza."