Baba Mzazi wa Mwandishi

Nilianza blogu yangu nikiwa Kitui, msimu ambao mvua za vuli zilikosekana na chuo ninakofundisha kikafungwa kwa sababu ya mgomo. Nilikuwa na kompyuta na wakati wa kutosha, na nilikuwa nimechoka kuandika ripoti zinazosomwa na watu wachache ambao tayari wanajua kilichomo. Mimi ni mwanabiolojia. Kazi yangu ni ndege wa nchi kavu, na utafiti wangu mwingi huufanya upande wa Ikutha, kwenye vichaka vya miiba ambako hondohondo bado ni wengi. Nikaanza kuandika kwa Kiswahili mambo yanayonishangaza: kwa nini mtu hupiga miayo akimwona mwenzake akipiga, kwa nini mboni ya jicho la mbuzi imelala badala ya kusimama, na viumbe walifikaje kuwa hivi walivyo. Hilo la mwisho ndilo nililoliandika zaidi. Sikumwambia baba.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko kwetu Mukuyuni mpaka alipostaafu. Ni mzee wa kanisa, na kitabu cha Mwanzo anakisoma kama kilivyoandikwa. Mama alipofariki, dada yangu alimchukua baba wakaishi wote Sultan Hamud, ambako dada ana duka la vifaa vya simu kando ya barabara kuu. Dada alimpa simu yenye kioo kikubwa ili asome Biblia kwa herufi nene. Simu hiyo ikamletea Biblia, habari za mazishi, bei za mahindi, na mwishowe mimi.

Makala aliyoanza nayo yalikuwa ya hondohondo. Niliandika jinsi jike anavyoingia kwenye shimo la mti wakati wa kutaga, kisha mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi mpaka ukabaki ufa mwembamba tu. Humo ndani hukaa akilalia mayai, na dume humlisha kupitia ule ufa. Nikaeleza kwamba tabia hiyo haikuzuka siku moja. Ilijengeka kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Asubuhi iliyofuata nikakuta maoni chini ya makala.

"Mimi ni baba mzazi wa mwandishi. Lugha ni nzuri. Lakini anasema tabia hii ilijengeka kidogo kidogo. Nauliza: huyo ndege wa kwanza aliyeziba nusu ya mlango, nusu hiyo ilimsaidia nini? Nyoka hapiti kwenye nusu?"

Nilimpigia simu.

"Nau," nikamwambia, kwa maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita baba, "si ungeniuliza mimi tu."

"Wewe uliandikia watu wote, mwaitu. Na mimi nikauliza mbele ya watu wote."

Mwaitu ni mama. Ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na hata akiwa na hasira nami hawezi kuniita vinginevyo.

Nilimjibu palepale kwenye blogu. Nikaandika kwamba nusu ya mlango haimzuii nyoka, ni kweli, lakini inamzuia nyani anayetaka kutia mkono. Ndege aliyeokoa mayai machache zaidi ya jirani yake aliacha vifaranga wengi zaidi, na miongoni mwao wakawepo walioziba zaidi kidogo. Jioni akaandika, "Jibu limepokelewa. Sijaridhika."

Tangu hapo hakukosa makala hata moja. Kila mara alianza na maneno yaleyale, kwamba ni baba mzazi wa mwandishi, kisha akauliza swali au akasahihisha sarufi. Wasomaji wakaongezeka, na nilijua vizuri kwamba wengi hawakuja kwa ajili yangu. Wapo waliomuunga mkono, wapo waliomtetea dhidi ya hao waliompinga kwa matusi. Msomaji mmoja alimwita mzee mshamba. Nilitaka kuyafuta maoni hayo, baba akanikataza. "Mwache," alisema. "Mtu akitukana, ujue hana swali."

Halafu nikaalikwa kwenye kongamano Nairobi, la watu wanaoandika kuhusu sayansi kwa lugha zetu. Baba alipopata habari alisema anataka kuja. Nikamuuliza anakuja kufanya nini. Akasema anataka kuwaona hao watu ninaozungumza nao. Alivaa suti aliyoagwa nayo shuleni alipostaafu, tukapanda basi Sultan Hamud, naye akasoma gazeti mpaka Mlolongo.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, wenye baridi ya mashine na chupa za maji mezani. Nilizungumza asubuhi, na hakuna jambo la kukumbuka katika nilichosema. Baada ya chai alisimama mhadhiri mmoja kutoka chuo kingine, kijana, mchangamfu, anayejua kuwashika watu. Alizungumza kuhusu vikwazo vya kuelimisha umma. Kwenye ukuta akaonyesha mifano ya maoni kutoka mitandaoni, na mmojawapo ulikuwa wa baba. Alikuwa ameficha jina la blogu yangu, lakini maneno yalikuwa yaleyale: nusu ya mlango, na nyoka. Akayasoma kwa sauti ya mzee wa kijijini, ukumbi ukacheka.

Baba alikuwa ameketi upande wangu wa kushoto. Nilimtazama nikaona amevua miwani na anaifuta kwa tai, taratibu, kioo kimoja kisha cha pili. Wakati wa maswali ulipofika akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Aliletewa kipaza sauti, akakishika mbali kidogo na mdomo.

"Hayo maneno niliandika mimi," alisema. "Nimesikia mmecheka, na kucheka si kosa. Lakini mwalimu, mimi nilikuwa nimeuliza swali. Ningeomba jibu lako."

Nilidhani yule mhadhiri atatafuta njia ya kuponyoka, lakini hakufanya hivyo. Alishuka jukwaani akaja mpaka meza yetu, akasema, "Samahani, mzee wangu. Sikupaswa kulisoma vile." Kisha akajibu. Alisema tusifikirie kwanza mlango, tufikirie shimo. Wapo ndege wengi wanaotaga kwenye mashimo bila kuziba chochote, na hutafuta shimo lenye mdomo mwembamba kwa sababu ni salama zaidi. Wapo wengine wanaopaka tope pembeni tu, shimo likiwa pana mno. Hizo nusu anazoziulizia, alisema, zipo hai mpaka leo katika ndege wengine, na anaweza kwenda kuzitazama.

Lilikuwa jibu zuri kuliko langu.

"Hilo ni jibu," baba alisema. "Sikubaliani nalo, lakini ni jibu. Asante."

Watu walipiga makofi, naye akaketi. Wakati wa chakula cha mchana yule mhadhiri alikuja na sahani yake akakaa nasi, wakazungumza kuhusu shule za zamani na jinsi walimu walivyokuwa wakienda kufundisha kwa miguu. Nilidhani yamekwisha. Kwenye basi, tukiwa tumepita Athi River, baba akaniuliza bila kunitazama.

"Walicheka swali, au walicheka Kiswahili changu?"

"Walicheka vile alivyosoma, Nau."

"Sawa," akasema, akalifungua gazeti lake tena.

Baada ya hapo hakuandika. Niliweka makala kuhusu mchwa, kimya. Nikaweka kuhusu meno ya magego, kimya. Wasomaji waliuliza mzee yuko wapi. Dada aliniambia anasoma kila kitu, anavuta kiti mbele ya duka na kusoma, kisha anaifunga simu na kutazama malori. Sikumuuliza sababu. Katika familia yetu mtu akinyamaza huachwa anyamaze.

Mwiba ulimchoma alipokwenda Mukuyuni kuangalia shamba. Ulikuwa mwiba wa mgunga, ukapenya soli ya kiatu ukaingia kisiginoni. Aliutoa mwenyewe. Kidonda kilipoanza kutoa usaha alinunua vidonge duka la dawa, akameza mpaka maumivu yalipopungua, kisha akaviweka vilivyobaki ndani ya kopo. Kilipoanza tena akavirudia, akaacha tena. Hivyo ndivyo watu wengi tunavyofanya, na hakumwambia mtu. Dada aligundua siku alipomwona amevaa ndara mguu mmoja kwenda kanisani.

Nilipofika hospitali ya mji wa Wote, mguu ulikuwa umevimba mpaka karibu na goti, na ngozi ilikuwa inang'aa. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Alitueleza kwamba dawa waliyoanza nayo haikufanya kazi, wamepeleka usaha maabara, na wanasubiri kujua ni dawa gani inaweza kuwaua hao bakteria. Akanivuta pembeni akasema kama haitapatikana upesi, itabidi wafikirie kuukata mguu. Nilisikia maneno hayo kwa utulivu ambao sikuutegemea. Nilimuuliza maswali ya kitaalamu, naye akayajibu, kama tunamzungumzia mgonjwa wa mtu mwingine. Kisha nikatoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta.

Niliporudi baba alikuwa macho.

"Wanasema mwili wangu umezoea dawa," alisema.

"Si mwili wako, Nau. Ni bakteria."

"Wamezoea vipi?"

Nikavuta kiti. Nilimweleza kwamba ndani ya kidonda bakteria hawakuwa sawa wote. Wengi walikuwa dhaifu, na wachache walikuwa wagumu kidogo. Alipoanza vidonge, dhaifu ndio waliokufa kwanza, na ndipo maumivu yalipopungua. Alipoacha, wale wagumu ndio waliokuwa wamebaki, wakazaana, na watoto wao wakawa wagumu kama wao. Alipovirudia vidonge, akawachuja tena.



"Kama mtu anayechagua mbegu," baba alisema.

"Kama hivyo."

"Isipokuwa mimi sikujua kama nachagua."

"Hukujua."

"Na hao bakteria hakuna aliyewafundisha."

"Hakuna."

Akageuza kichwa akanitazama. "Hicho ndicho unachoandika."

"Ndicho, Nau."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Lakini wamebaki bakteria. Hawajawa hondohondo."

"Ni kweli," nikasema, na ilikuwa kweli. Nilitamani kumweleza habari ya wakati, mamilioni ya miaka, lakini mguu wake ulikuwa pale juu ya mto, na nilitaka alale.

Dawa ilipatikana. Ilikuwa ya kupitia mshipa, na ilimtapisha. Walikata nyama iliyokufa kisiginoni, wakasafisha, wakafunga, wakarudia. Dada na mimi tulipokezana kukaa naye. Alipokuja yeye nilirudi Kitui kufundisha, nilipokuja mimi alirudi kufungua duka. Uvimbe ulishuka polepole. Daktari aliacha kuuzungumzia ule mguu kwa sauti ya chini, tukajua umepona kabla hajatuambia.

Aliporuhusiwa alitaka kwenda kanisani kwetu Mukuyuni kutoa shukrani, nami nikampeleka. Ni desturi, aliyeugua akisimama husimulia jinsi Mungu alivyomponya. Baba alisimama na fimbo mbele ya watu waliowahi kuwa wanafunzi wake, wengine sasa wana mvi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari. Kisha, kwa Kikamba, akaanza kueleza habari ya vidonge alivyoficha ndani ya kopo. Alieleza dhaifu wanaokufa kwanza na wagumu wanaobaki, na watoto wa hao wagumu. Alieleza kwa mpangilio, kama somo la darasa la sita, akirudia palipo pagumu. Neno mageuko, ninalolitumia kwenye blogu, hakulitaja. Mchungaji alitikisa kichwa kwa kukubali kila hatua.

Nje, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alimfuata, akafungua mkoba wake akatoa karatasi ya vidonge iliyobaki nusu.

"Mwalimu, hivi navyo nifanye nini?"

Baba akaninyooshea fimbo. "Muulize huyu. Huyu ndiye mwenye kazi hiyo."

Nikamwambia asivimeze kwa kukisia, avirudishe kwa daktari aliyempa na amweleze alipoachia. Akavikunja kwenye leso akavirudisha mkobani, na wengine wakasogea. Nilisimama pale nikijibu maswali ya kikohozi na ya mkojo, ambayo si taaluma yangu, nikiwaelekeza hospitalini mmoja mmoja. Baba alikaa kwenye benchi la nje akining'iniza mguu.

Nyumbani shangazi alikuwa ametupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharagwe. Tulipokuwa tukinawa mikono baba alisema, "Umeona sikugusa habari ya mtu alitoka wapi."

"Nimeona."

"Hapo bado nimesimama palepale."

"Najua, Nau."

Shangazi akauliza tunazungumzia nini. Baba akamwambia ni mambo ya shule, akamwomba chumvi, tukaanza kula.