Musalaba wa Tate kwenye Kilio cha Wengine

Mucheke tu, lakini kile nilichofanya siku ya kumuzika Tate, baba ya baba yangu, hata leo nikimuona katekista wetu njiani nakata upande mwingine. Kwetu hapa Bunia mujukuu mukubwa ndiye anabeba musalaba wenye jina la marehemu mbele ya sanduku, na hageuke nyuma hata kidogo, kwa sababu (ndivyo Tate Mama, mujane mwenyewe, alinionya na kidole) ukigeuka unaita mwingine amufuate marehemu. Nami nilimuogopea yeye, ndiye pekee alinibakia.

Sasa mvua ilinyesha asubuhi, njia yote potopoto, matope tupu, na miye mujinga nilivaa viatu vyeupe, vipya kabisa! Karibu na makaburi nikakata kwa kijia kikavu, nikasema moyoni watanifuata, si musalaba ndio unaongoza? Nyuma nikasikia wimbo uleule wa kwaya, vilio vilevile, nikatulia, nikanyoosha shingo kama askofu.

Tukafika kwenye shimo. Kando yangu akasimama musichana na musalaba wake, na muzee mumoja akaninong'onezea: "Kijana, kwani leo tunazika wawili?"

Mungu wangu! Nikageuka (ndiyo, niligeuka), sikuona hata sura moja ya kwetu. Kumbe watu wetu walifuata njia kubwa, na hawa walikuwa na maiti yao. Nikakimbia katikati ya makaburi, nikiwaza kwamba nimeshamuitia Tate Mama kifo, na Tate anashushwa bila jina, nikateleza, nikaanguka na musalaba chini yangu.

Nilipofika walikuwa wananingoja wote, sanduku bado iko juu, padri anaangalia saa. Jina la Tate halisomeke, potopoto tupu. Katekista akafungua kinywa, lakini Tate Mama alimutangulia, akapangusa musalaba na kikwembe chake cheusi cha kujifunga, herufi kwa herufi, machozi yakimutoka, kisha akaangalia viatu vyangu.

"Uligeuka?"

"Niligeuka, Tate Mama."

"Basi siku yangu ni weye tena utabeba. Lakini utakuja miguu chini, bila viatu."

Watu wakacheka palepale kaburini, na miye nikalia kuliko wote.

Viatu vyeupe sivai tena, naapa. Lakini kugeuka, nageuka kila saa: Tate Mama akikohoa tu nyuma yangu, nageuka mbio kuangalia kama iko muzima.