Niliingia baharini kuangalia samaki, sasa ndoa ya binti yangu imekwama

Admin, nisalimie watu wa ukurasa huu, na jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, mkaaji wa Likasi, nauza vitenge sokoni Kikula. Nina binti mmoja tu, na ndoa yake iko karibu kuvunjika kwa sababu yangu. Nimechoka jamani. Mnivumilie nieleze polepole, na atakayecheka acheke kwa siri.

Mume wangu alifariki zamani, shimo lilimwangukia akichimba madini kule Kamatanda. Tangu hapo maisha yangu ni kuamka, kufungua kibanda, kufunga, kulala. Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kununua mali, na mdogo wangu wa kike ameolewa kule. Akaona nilivyokonda kwa kazi mimi dada yake mkubwa, akasema: "Yaya, weye unatumika tu, unatumika tu. Kuya twende Zanzibar, upumuzike kidogo." Nikakubali. Sikujua kwamba kupumzika kwenyewe ni kutupwa baharini.

Mimi kuogelea sijui, na maji mengi nayaogopa tangu utoto. Wakatupakia kwenye boti pamoja na watalii, wakanivalisha koti la kuelea, miwani mikubwa inayoziba mpaka pua, viatu vipana kama miguu ya bata, na mrija wa kupumulia mdomoni. Juu ya vyote nilijifunga kitenge kiunoni, kiongozi akaniomba kwa heshima nikivue. Nikamwambia mdogo wangu, "Minye naogopa mayi. Nikikufa utaambia mutoto wangu nini?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kiongozi, baba mmoja mtaratibu wa kule visiwani, akasema, "Mama, nishike mkono, pumua kwa mdomo, sikuachi." Nikajisemea, maji nimeshayavulia nguo. Nikaingia.

Nikanywa chumvi. Nikaita jina la Yesu kwa sauti, watalii wote wakageuka. Nikajaribu tena, mrija ukazama, nikalia kabisa, mtu mzima na umri wangu. Yule kiongozi hakukasirika. Alinisubiri nimalize, kisha akasema niweke tu uso majini, miguu niiachie. Nikaweka. Jamani! Samaki wa njano, wa mistari, wengine wadogo kama ukucha, wanapita mbele ya macho yangu bila haraka, na mimi nimelala juu yao nasikia pumzi yangu tu. Hakuna mtu anayeniita. Sijapata kupumzika vile tangu nifiwe. Nikalia tena, safari hii ndani ya miwani.

Sasa kosa langu. Kanisani kwetu mtu akirudi salama kutoka safari anasimama Jumapili na kutoa ushuhuda. Nami nikasimama na furaha yangu, nikashika kipaza sauti, nikasema Mungu ni mkubwa, amenifikisha baharini, nimeona mambo ya ajabu ya chini ya maji, na hofu yote imeniisha. Nikangoja waseme Amina. Kanisa likanyamaza. Msio wa huku niwaeleze: kwetu anayesimama kusema ameona mambo ya chini ya maji ni yule anayekiri uchawi, kwamba alikwenda kwa mamba muntu, mwanamke nusu samaki anayegawa utajiri na kudai mtu wa familia kama malipo. Shuhuda hizo nimezisikia tangu usichana, na bado mdomo ukaniponza. Nikaharakisha kueleza habari za mrija na viatu vya bata, ndipo nikaharibu kabisa, wao wakasikia mtu anayegeuka samaki.

Maneno yakaanza wiki hiyohiyo. Kumbe vitenge vyangu vinauzika kwa nguvu za maji. Kumbe mume wangu ni mimi niliyemtoa kafara. Alikufa miaka mingi kabla sijaiona bahari, lakini umbea hauangalii kalenda. Nikaonyesha picha kwenye simu, mimi na miwani yangu. Mama mmoja akanirudishia simu upesi, akajifuta mikono. Hayo yote ningeyazoea. Lakini familia ya mchumba wa binti yangu ikatuma ujumbe kwamba wamesimamisha kila kitu mpaka mimi nisafishwe.

Mchungaji akaniita. Si mtu mbaya, ndiye aliyemzika mume wangu. Akasema kwa upole, "Mama, ukuye dimanche, useme tu mbele ya kanisa uliachana nayo. Tutakuombea, itaisha. Mutoto aolewe."

"Niachane na nini, pasteri?"

Akainamisha kichwa. "Mama, weye itika tu."

Nikiitika, nitakuwa nimemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake, na nitabaki mchawi aliyekiri mpaka siku ya kuzikwa. Nikikataa, mwanangu anampoteza kijana anayempenda kweli. Juzi tulikuwa jikoni anasonga bukari, ugali wetu, nikamwambia nimeamua kukataa, ukweli utajitetea wenyewe. Akaacha mwiko, akaniangalia usoni, mtoto niliyemlea peke yangu, akasema: "Mama, tuko babili tu hapa. Uniambie kweli. Kule chini ya mayi uliona nani?"

Nikamjibu, "Samaki, mwanangu. Samaki tu."

Akasema, "Ndiyo, mama," akarudi kwenye sufuria. Hakuniamini.

Jumapili hiyo ya mchungaji ni keshokutwa. Msiniambie niombe, nimeomba mpaka magoti yamechoka. Niambieni tu, ndugu zangu, nyinyi mngekuwa mimi mngefanya nini: nisimame nikiri nisichokifanya ili mwanangu aolewe, au nishike ukweli ambao hata yeye hauamini tena?